Joto ni Nini

Kutaisi, darasa la saba, Jumatatu asubuhi.
Mwalimu Nazibrola kaandika ubaoni:
"Joto ni nini?"
Gocha kasinzia, unga kwenye nyusi.
Tangu saa tisa usiku yu tanurini na mama.

"Gocha!"
Anashtuka, anakunja mkono wa shati:
makovu manne, na la tano bado bichi.
"Hili," anasema.
Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akampa sifuri,
kisha sifuri ile ikamkodolea macho siku nzima.

Alfajiri yuko mlangoni, kipimajoto mkononi.
Mama hapimi.
Anarushia matone ukutani mwa tanuri,
anasikiliza yanavyolia.
"Bado."
Kimya.
"Sasa."
Donge linabandikwa kwenye ukuta wa moto.
Kipimajoto kimekwisha namba zake.

Mwalimu anamega mkate, unamuunguza vidole,
anauliza, mdomo umejaa:
"Mbona hauanguki?"

Mama anamtazama Gocha.
Gocha anachungulia tanurini.
Miaka yote hii ameinama papa hapa,
mikate mingapi ameibandua,
wala hilo halijamjia.

Anapangusa unga kiganjani.
"Mwalimu, niazime kalamu."