Kichupa Namba Saba

Kimefika Dundee ndani ya boksi la barafu kavu,
mfuniko ukifuka kama sufuria, lakini baridi.
Unga mweupe, miligramu moja,
haujai ukucha wa kidole cha mwisho.

Lebo inasema: "Kwa utafiti tu. Si kwa binadamu."

Asidi amino kumi na nne, shanga juu ya uzi,
nakala ya bawaba ya ule mlango
ambao kloridi hupitia kuingia na kutoka kwenye seli.
Zimetungwa na mashine. Hazina mama.

Eilidh anavuta maji kwa pipeti, hapumui.
Jana, tukingoja basi la Lochee,
mvua ikitupiga ubavuni, aliniambia:
"Nikimbusu Ruaridh kwenye paji,
midomo yangu hubaki na chumvi."
Nilitaka kusema pole. Nikasema basi linakuja.

Sasa mstari kwenye skrini umelala.
Tunatia tone. Umelala.
Tone la pili,
unainuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina usingizini,
kisha unarudi.

Eilidh anaandika: saa kumi na dakika sita.
Analamba midomo.
Nje, giza la Novemba limeshaingia.
Nakirudisha kichupa kwenye friji, nasoma tena lebo,
nakigeuza,
maandishi yaelekee ukutani.