Namba Tatu

Diddeleng, Luksemburg, Oktoba 1941

Nilipewa furushi la fomu na chupa ya wino,
nizunguke Mtaa wa Reli mlango kwa mlango.
Uraia. Lugha ya mama. Kabila.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Kiluksemburg si lugha, ni lahaja.
Lahaja haiandikwi.

Mjane Wampach alikuwa anakanda unga.
Akasoma mara mbili, akauliza faini ni kiasi gani.
Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akarudia,
akafuta mkono kwenye aproni,
akaandika neno moja mara tatu,
la tatu akalikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Kwa Biwer mchimba chuma, neno lile lile.
Kwa muuza nyama, tuliyemdhani mtu wao,
lile lile, na mwandiko mzuri kuliko wote.
Bi Thill hajui kusoma. Alinishika kiwiko
akanitamkia silabi kwa silabi,
kana kwamba mimi ndiye niliyekosa shule.

Waliambiana lini? Watu hawa
wasiosalimiana kwa sababu ya uzio wa kuku!
Hakuna aliyenikonyeza.

Jioni furushi limenilemea bega,
na wino, nijuavyo, hauna uzito.
Kesho ofisini watanigeukia mimi.
Imebaki fomu moja, yangu.
Mke wangu ameisogeza taa,
kisha akarudi kumenya viazi
na kisu kimetulia, kinasikiliza.

Naanza na namba tatu.