Kigae

Kutoka Moa ni nusu saa kwa mashine,
kisha maji yakapwa, tukakwama.
"Teremka, bibi wa mjini," akasema Mbaruku,
nami nikavua viatu vya kazini,
nikapandisha kanga juu ya magoti,
matope yakanimeza hadi mundi wa mguu.

Miaka kumi na saba nahesabu fedha za watu Chumbageni,
na kisiwa nikikiona kwenye ramani ya ukutani,
juu kabisa, karibu na mpaka,
doa dogo, sijui
kama ni nzi au ni nchi.

Jina lake silitaji. Waliniomba hivyo.

Mikoko imesimama kwenye mizizi yake
kama watu waliokunja nguo wavuke.
Nyuma yake mchanga mkavu, unaolia
ukiukanyaga, kwii, kwii, viatu vipya vya Idi.
Kisha mikadi, kisha msikiti usio na paa.
Kibla yake bado inatazama kaskazini,
popo ndio maamuma.

Makaburi yana nguzo, nguzo zina vishimo,
mviringo, mviringo, macho yaliyong'olewa.
"Bakuli zilikuwa hapo," Mwanamkasi akaniambia,
"za buluu, za Kichina.
Kila mgeni aliipenda moja."
Hakusema kwa uchungu. Alisema
kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nami nilikuwa nimekwisha kukiokota, chini ya nguzo:
kigae, hakizidi ukucha wa dole gumba,
nusu ya ua, nusu ya jani,
kimo mfukoni, kinanichoma paja.

Akanikaribisha jikoni kwake.
Kaa wa mikoko, magando yamefungwa kwa ukindu,
tui la pili kwanza, tui la kwanza mwisho,
ukwaju, na pilipili mbuzi nzima ikielea
ambayo ole wake atakayeipasua.
Na bada. Bada ya makopa, nyeusi, nzito,
ile mama yangu aliyoipika kwa siri
baba alipotuhamishia Ngamiani akataka wali tu.
Sikuwa nimeila tangu arubaini yake.

Nilikula kama niliyetumwa.
Nilivunja gando kwa jiwe,
mchuzi ukanitiririka hadi kiwikoni,
nikaulamba palepale, mbele za watu.
Mwanamkasi akacheka: "Kumbe Mdigo!"
"Nusu," nikasema.
"Tumbo halina nusu, mwanangu. Ongeza."

Saa tisa maji yakarudi.
Kule ufukoni mashine ikakohoa, ikakohoa tena.
Naye akaanza kukusanya vyombo,
akihesabu kwa sauti, bila haraka,
sahani za bati zenye maua yaliyobabuka,
moja, mbili, tatu,
na mimi mhasibu nikihesabu naye kimoyomoyo,
nne,
jasho likinitoka mgongoni,
tano. Zimetimia.

Nikatia mkono mfukoni.
Sikusema neno. Nilikiweka kwenye sahani ya juu,
katikati ya magamba ya kaa,
kana kwamba kilitoka chunguni.

Akakitazama.
Akanitazama.
"Sita," akasema,
akaenda zake kuosha vyombo.