Hesabu ya Kutoa

Siku ile Kiloleni, juu ya lori lililotandikwa zulia,
bosi wangu alishika kipaza sauti akasema:
"Ndugu zangu, nimejitoa."
Makofi. Vigelegele. Spika ikakoroma.
Nami chini, kofia yake kichwani mwangu,
nikamkumbuka mwalimu Nzota, darasa la pili, Sikonge,
chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi:
"Kutoa, watoto, ni kupunguza.
Ukitoa, halafu kilichobaki kikaongezeka,
rudia hesabu. Kuna mahali umekosea."

Miaka kumi na moja niliandika daftari la ghala lake,
nyuma ya stesheni, asali na nta,
madumu ya lita ishirini yamepandana hadi darini,
na nyuki wawili watatu wasio na habari
kwamba mzinga umeshauzwa.
Kwa hiyo alichokitoa nakijua. Mwandiko ni wangu.

Fuso moja, giaboksi bovu:
lilikwenda kwenye kampeni moja, yakarudi mawili.
Kiwanja cha Isevya: kiliuzwa kulipia mabango.
Mwaka uliofuata, vitatu Ipuli, jina la shemeji.
Usingizi.
Huo sikuwa na safu ya kuuandikia.
Maana tuseme kweli, mwaka wa kwanza alikonda,
suruali akaikaza kwa mkanda wa mwanawe,
na saa nane za usiku akapigiwa simu
na mtu ambaye jeneza lake limekwama Nzega.
Jeneza alilikomboa. Stakabadhi ninayo.
Sitamdhulumu; daftari halina chuki.

Watu husema mchovya asali hachovyi mara moja.
Hao hawajafanya kazi ghalani.
Sisi tulichovya kutwa, kidole kwa kidole,
mimi, wapakiaji, mlinzi na mkewe,
na hakuna aliyeuita wizi.
Tuliita kuonja.

Sasa Kalunde Shimba, diwani wetu wa zamani.
Fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani mbili,
ya miguu, na ya umeme iliyompa jina mtaani.
Ya umeme aliiuza mwaka wa pili
ili kisima cha shule kipate pampu,
kwa kuwa fungu limechelewa, na fungu, walimwambia, litarudi.
Fungu lilirudi. Lilipita njia nyingine.
Posho zake ziliishia wodini Kitete,
dripu ya huyu, nauli ya yule.
Miaka mitano, na bati lake ni lilelile,
limekandamizwa kwa mawe lisipeperuke.
Tulipopita pale tulipunguza mwendo, tukanong'ona:
"Aliyeshindwa kujijenga mwenyewe,
atatujenga sisi?"

Alipata kura mia moja na nne.
Nilikuwapo zikihesabiwa, kazi yangu ni kuhesabu.
Yangu haikuwamo.

Wiki ijayo zulia linatandikwa tena.
Atasema amejitoa, tena kwa machozi,
na huenda machozi yatakuwa ya kweli;
mtu akilisema neno muda mrefu, humwamini yeye kwanza.
Nitapokea kofia mpya. Nitapokea sukari, kilo mbili.
Usiniulize nitaiandika safu gani.

Jana nilimpelekea Kalunde sare ya mwanangu,
pindo limeachia.
Akaitandaza pajani, sindano mdomoni.
Nikamuuliza, nusu kwa mzaha, kama anajuta.
Hakuinua macho.
"Ile pampu," akasema katikati ya meno,
"bado inatoa?"

"Inatoa," nikamjibu.

Akaukata uzi.
"Basi. Pindo ni mia tano."