Shahidi wa Sungura

Mikrolita mia moja, basi. Tone lisilojaza
hata kofia ya kalamu. Lilifika Tartu
ndani ya sanduku la barafu kavu, likifuka kama chungu,
na hati ya kurasa mbili: kingamwili ya sungura,
iliyofundwa kuitambua protini moja tu
kati ya maelfu, ile ya herufi tatu na tarakimu moja.

Mimi ni Leelo. Miaka thelathini na mmoja nimeosha tando,
nimepima chumvi. Sina shahada ya kutundika ukutani.
Lakini kazi ya protini hiyo naijua:
ndani ya uboho kuna seli changa, haijawa kitu,
yaweza kuwa hiki, yaweza kuwa kile;
protini huzikalia jeni, huwasha hizi, huzima zile,
mpaka seli iseme: mimi ni B, sirudi nyuma.
Ukiiondoa, seli husahau jina lake.

Kaarel aliiamini ile kingamwili miaka mitatu.
Kila wiki mstari mweusi, palepale, uzito uleule,
naye akiupiga picha kama mtoto wa kwanza.
Sura nne za tasnifu. Mama yake, huko Põlva,
ameshanunua viatu vya sherehe.

Januari, Helsinki wakatuletea vipande vya wengu
vya panya aliyezaliwa bila jeni ile.
Hapo mstari haupaswi kutokea. Hapo shahidi anyamaze.
Nikamimina, nikatikisa, nikaacha usiku kucha.
Nje, nyuzi kumi na saba chini ya sifuri,
Emajõgi umeganda, unalia kama sakafu ya mbao.

Asubuhi mstari ulikuwepo.
Mnene, mtulivu, hauna haya.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Hii ilikwenda miaka mitatu.
Na wala haikusema uongo, maskini:
ilishika kilichofanana, ikakinyooshea kidole;
sisi ndio tulioandika jina chini ya picha.

Kaarel hakulia. Alikata mkate mweusi
vipande vinne, akala kimoja, akauliza
kama labda panya walichanganywa.
Hawakuchanganywa. Lebo nilizisoma mara tatu.
"Basi nitaandika hivyo," akasema. "Sura ya tano."
"Ya kwanza," nikamwambia.

Tuliwaandikia waliotuuzia. Wakajibu kwa adabu
kwamba sungura yule alikwisha kufa,
na kilichobaki cha damu yake duniani
ni vichupa kama hiki chetu.
Sikujua niweke wapi habari hiyo.

Nimekiandika kifuniko kwa wino usiofutika: HAPANA.
Kisha sikukitupa. Kipo kwenye friji, rafu ya chini,
nyuma ya siagi ya mtu
ambaye haruhusiwi kuweka siagi humo.