Tundu la Habari

Nyuma ya betri kuna matundu sita ya umeme
lakini tundu la habari ni moja,
dogo, la mraba, kama mlango wa panya.
Kwa hiyo mashine zetu tatu zinakula chungu kimoja
ila ni moja tu inayoambiwa
kwamba chungu kinakauka.

Ni Moncton hapa, chumba cha chini cha nyumba ya kupanga,
kina harufu ya sabuni ya unga na mtambo wa joto.
Mashine ya kwanza ni yangu: risiti, barua za uhamiaji,
na sauti ya baba, dakika kumi na moja,
akieleza namna ya kupanga matofali ndani ya tanuri
ili moto umfikie kila mmoja.
Ya pili ni ya Mapendo, fundi cherehani:
magauni, vipimo,
wanawake wameshika viuno wakisubiri utepe.
Ya tatu ni ya Wilondja, kitinda mimba,
ambaye tangu azaliwe hajafuta kitu.

Betri tulichanga. Dola mia mbili arobaini.
Wilondja bado anadaiwa thelathini.

Ikaja mvua ya barafu.
Kila tawi likapata ganda, kila ganda likapata uzito,
na saa nane usiku mtaa mzima ukazima.
Betri ikaanza kulia, mlio, kimya, mlio,
na mashine yangu ikasikia, kwa kuwa ndiyo yenye waya.
Ikageuka kuwaambia wenzake:
zimebaki dakika tisa, fungeni vitabu.

Lakini kile kijisanduku cha mtandao
ambamo neno hupita kutoka mmoja kwenda mwingine
nilikuwa nimekichomeka ukutani.
Ukuta ulipokufa kilikufa nao.
Neno likafika mlangoni, likakosa njia.
Mashine yangu ikasema kweli gizani, peke yake,
kisha ikajifunga kwa adabu, ikalala.
Zile mbili zikaendelea kuandika
mpaka tone la mwisho.

Asubuhi vipimo vya bibi harusi wa Dieppe havikuwepo.
Kifua, kiuno, urefu wa mkono, hakuna.
Mapendo hakufoka.
Aliuliza tu, "Ulijua?"
Nikamwambia: mashine ndiyo iliyojua.
"Ulijua," akasema,
na hapo nikaelewa hatukuwa tukizungumza habari za diski.

Simu kutoka Uvira huja kwangu. Siku zote kwangu.
Machi ile, saa nane vilevile, ililia,
nikaketi ukingoni mwa beseni la kuogea nimewasha maji
ili wasisikie.
Nikasema, waache walale, alfajiri itatosha.
Niliiita huruma.
Saa mbili asubuhi, ndani ya basi la kwenda kazini,
Mapendo aliona picha ya baba kwenye ukurasa wa mtu asiyemjua,
na chini yake mishumaa.

Kuhamisha plagi moja kulichukua nusu dakika.
Jioni nzima nikapanga zamu:
za kwao zifungwe betri ikifika nusu,
yangu ibaki mpaka ihakikishe.
Jumapili tukashuka wote watatu na tochi za simu
nikang'oa waya wa betri ukutani kwa mkono wangu.

Mlio. Kimya. Mlio.
Taa ya Mapendo ikapepesa, ikazima.
Ya Wilondja ikajikokota,
kama mwenyewe akiamshwa, dakika nne nzima,
naye anacheka, "Inaaga kila picha."
Halafu ikabaki yangu, nukta ya buluu,
haina wa kumwambia tena,
inahesabu.
Nayo ikazima.

Tulisimama palepale.
Wilondja akaweka noti mbili juu ya betri, ishirini na kumi.
Mapendo akaichukua simu yangu mfukoni mwa koti,
akaipima uzito kama kitambaa,
akanirudishia.
"Hata kama ni saa nane," akasema. "Gonga mlango."

Juu, mtoto wa mwenye nyumba alikuwa akikimbia.
Nikainama kutafuta waya.