Sababu ya Kurudisha

Chikongola, chumba cha nyuma.
Mizigo iliyorudi leo ni mitatu, imekuja na basi la Newala.
Naifungua kwa kisu cha kumenyea mihogo,
polepole, kama anayefungua barua ya mkopo.

Wa kwanza shati jeupe, mikono mirefu.
"Dada, halijavaliwa hata."
Nikatia vidole mfukoni:
punje tatu za pilau, zimekauka,
na kijiti cha meno.
Nikapiga picha. Nikaandika: Harusi ilifana?
Nikafuta. Mteja ana nyota mkononi,
akikupa moja, wiki nzima hulali.
Nikaandika: Asante kwa kununua kwetu.

Wa pili pasi. Eti haipati moto.
Nikaichomeka. Ikaniunguza.
Baadaye nikaja kujua kwao umeme ulikatika siku nne,
na zile siku saba za kurudisha
hazijui mgawo.

Wa tatu ulikuwa mwepesi.
Boksi la viatu, namba arobaini na mbili,
ngozi nyeusi, vya kamba, elfu hamsini na sita,
vilitoka hapa wakati wa minada, korosho ikiwa na bei,
watu wakinunua kama wanaokimbizwa.
Nikafunua.
Kiatu kimoja. Cha kushoto.
Na karatasi za kujazia, amezirudisha zote,
amezikunja vizuri kama nguo za mgeni.

Nikasema huyu mwizi.
Nikasema ananijaribu mimi, mjukuu wa Somoe Namkoko,
aliyepima chumvi kwa kopo miaka thelathini,
hakupunja wala hakupunjwa?
Nikafungua ukurasa wa madai.
Sababu ya kurudisha, chagua moja:
Rangi tofauti na picha.
Imefika imevunjika.
Nimebadili mawazo.
Saizi si sahihi.

Alichagua saizi.
Na chini, penye kale kanafasi ka maelezo:

"Ni vya baba. Sukari. Ndanda wamemkata mguu wa kushoto Jumanne,
juu ya goti. Cha kulia anakitaka,
ameshakivaa, analala nacho, hataki kivuliwe.
Naomba nusu ya hela kama inawezekana.
Kama haiwezekani kaa nacho tu,
huku hatujui pa kukiweka.
Ni mimi, Salima Chihipu."

Soko lina kanuni: jozi ni jozi.
Kitufe cha kijani unarudisha zote,
chekundu unakataa. Katikati hakuna kitu.
Nilikaa na kidole hewani
mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nikabonyeza chekundu.
Ndiyo, chekundu. Nalisema
usije ukanidhania malaika:
kodi ya chumba ni tarehe tano,
na soko likishakata chake halirudishi hata senti.
Kisha nikajifunga khanga, nikatoka hadi kwa wakala pale kona,
nikamtumia Salima ishirini na nane,
na ya kutolea juu.

Njiani simu ikalia.
Soko: "Ombi limekataliwa. Hongera, umelinda mauzo yako."
Hatua mbili, ikalia tena.
Salima: "Imefika. Mungu akuzidishie.
Baba anauliza, hicho cha kushoto
utamuuzia nani?"

Sijamjibu.

Usiku nikatoa daftari, la karatasi, siyo lile la kwenye simu,
nikaanza upande wa mali iliyopo:
madera, kumi na moja.
Shati jeupe, moja, la kufua.
Pasi, moja, nzima.
Kiatu cheusi, arobaini na mbili, kushoto.
Kalamu ikasimama kwenye safu ya idadi.
Moja? Nusu?
Mbu wakaimba, taa ya jirani ikazimwa.

Nikaandika: kipo.